Garantia ya Gari Lililolala Diaca

Nimeombwa nisimame, nimesimama. Waislamu wenzangu nawasalimu kwa salamu yetu, na ninyi wenzetu mlioteremka kutoka Mueda nawasalimu kwa yenu. Mwenyekiti ameniambia nisirefushe maneno. Nitajitahidi, lakini mnanijua.

Siku hizi kila ninayekutana naye sokoni ana swali moja: nikinunua gari la zamani, ninunue na garantia, au niache? Naulizwa mimi kwa sababu watu wanajua yaliyonipata, ila wanayajua vipande vipande. Leo nitayasema kwa mpangilio wake. Majina sitataja, kwa sababu wahusika wengi wako hai na sina ugomvi na yeyote.

Mnakumbuka Palma ilivyogeuka habari ya gesi ilipothibitika. Walikuja watu wa kupima ardhi, na kabla hawajamaliza kupima wakaja watu wa kuinunua. Chumba kimoja cha udongo kikapangishwa kwa bei ya nyumba nzima. Gesi yenyewe ilikuwa bado chini ya bahari, lakini huku juu nyanya zilikuwa zimeshapanda bei.

Mimi nilikuwa na minazi niliyoachiwa na mama. Mume wangu ni seremala. Akaja mnunuzi wa ardhi, tukaiuza ile minazi. Wapo waliosema tumefanya vibaya, wapo waliosema tumechelewa. Sisi tulikuwa na mpango. Kambi moja ya wapimaji ilikuwa inatafuta mtu wa kuwaletea maharage, ndizi na viazi kutoka bara. Mpishi mkuu wa kambi alituambia, "Nyie leteni mfululizo, mimi nitanunua kwenu tu." Kilichokosekana ni gari.

Tukaenda Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, mimi na mume wangu, kwenye yadi ya magari yaliyokwishatumika. Tukaona pikapu nyeupe ya dizeli. Lilikuwa la zamani, hilo hatukufichwa. Hata fundi wa pale alituambia waziwazi, "Linatembea vizuri, ila mkanda wa injini ni wa siku nyingi. Badilisheni kabla ya kuliingiza kazini."

Kwa wasiojua: ndani ya injini mna mkanda wa mpira unaoendesha valvu. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vyuma vya ndani vinagongana na injini inakufa hapo hapo.

Sasa, tulipokuwa tunakamilisha mambo, muuzaji akatuketisha kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kijana mtanashati, mwenye adabu. Akasema, "Mama, kuna kitu kinaitwa garantia. Mkilipa leo, mwaka mzima gari likiharibika, sisi tunatengeneza. Nyie mnalala usingizi."

Mume wangu akaninong'oneza, "Hela iliyobaki inatosha kitu kimoja. Mkanda au garantia."

Nikamuuliza, "Tukibadilisha mkanda, na kingine kikiharibika?"

Akafikiri. Akasema, "Na tukichukua garantia, mkanda ukikatika si watalipa wao?"

Basi, tukaona tumepata njia ya mkato. Ndugu zangu, nawaambia, wala hatukuwa wajinga. Tulikuwa watu wawili tuliouza urithi, tukaogopa. Mwoga haulizi bei ya mwavuli wala haufungui kuuangalia. Tukasomewa maelezo kwa Kireno, haraka haraka, tukaitikia, tukaondoka.

Kazi ilikwenda vizuri. Tulikuwa tunapanda Mueda, tunapakia, tunateremka kupitia Diaca na Mocímboa mpaka Palma. Mume wangu aliendesha, mimi nilichagua mali na kuelewana na wakulima. Mpishi alikuwa mtu wa neno lake. Watoto walilipiwa shule. Nilinunua hata pazia, kitu ambacho sikuwa nacho tangu niolewe.

Halafu, asubuhi moja tukiwa tumepakia maharage hadi juu, tulipofika Diaca tukasikia mlio kama wa kijiko kikubwa kikitupwa ndani ya sufuria. Gari likazima. Mume wangu akalisogeza pembeni kwa mwendo uliobaki. Hakufungua boneti. Aliweka mikono juu ya usukani akasema, "Huo ni mkanda."

Nikamwambia, "Si tuna garantia?"

Mbele ya tulipozimikia kuna nyumba ya mwanamke mmoja Mmakonde, mkulima. Alitoka na wanawe wakatusaidia kulisukuma gari hadi uani kwake. Maharage tukayapakiza kwenye lori la watu, yakafika kambini yamechelewa. Sisi tukapanda chapa, yale mabasi madogo ya abiria, kwenda Pemba.

Yule kijana alitupokea vizuri, akatupa maji. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mkanda ni kitu cha kuchakaa. Vitu vya kuchakaa havimo."

"Na valvu zilizopinda?"

"Valvu zimepindishwa na mkanda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni shauri la mkanda. Halafu gari lilitakiwa liletwe hapa kila baada ya muda kuangaliwa. Hamkulileta."

Mume wangu akasema, "Kutoka Palma? Niache kazi siku tatu nije uliangalie?"

Mimi nikamuuliza yule kijana, na nilikuwa nataka kujua kweli: "Baba, gari hili ni la umri wa binti yangu aliyekwishaolewa. Mna kitu gani ndani yake ambacho hakijachakaa?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Sikukudanganya, mama. Mlisomewa."

Na ni kweli, tulisomewa. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sijapata pa kumshika. Yeye aliuza alichokuwa nacho. Sisi ndio tuliosikia kitu kingine.

Basi gari likalala Diaca. Kambi haiwezi kungoja, watu wanakula kila siku; mpishi akachukua mtu mwingine, akanitumia salamu za pole. Mume wangu akarudi kwenye useremala, lakini mbao zilikuwa zimepanda bei na wenye kujenga walikuwa wanakuja na mafundi wao. Akawa hasemi. Mtu akikaa na wewe nyumba moja bila kugomba wala kucheka, ni heri agombe. Mwishowe akavuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake Mtwara kutafuta kazi. Aliniaga kwa heshima. Sikujua kama anarudi, na sikumuuliza, kwa sababu sikutaka kusikia jibu.

Mimi nikakaanga vitumbua, nikauzia pale ambapo vijana hungoja kuandikwa kazi. Wengine walikuwa ni wale niliokuwa nawapa lifti. Walinunua, wakasema, "Pole, mama." Hilo neno pole, ukilisikia kila asubuhi, linachosha kuliko moto wa jiko. Pazia nililiuza. Nawaeleza tu mjue, silii.

Akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu. Akataka alikate gari vipande alipeleke kwake. Bei yake ilikuwa ya kusikitisha, lakini ilikuwa bei. Nikamwambia tukutane Diaca.

Nilifika kabla yake. Yule mama wa Kimakonde alinikaribisha, akanipa kiti na ugali wa muhogo. Akaniambia, "Dada, gari lako lina kuku. Wanataga kwenye kiti cha dereva."

Nikamwambia, "Leo litaondoka. Namwuzia mtu wa vyuma."

Akaweka bakuli chini. "Unamwuzia mtu wa vyuma, na sisi huku maharage yanatuozea?"

Ndipo akanieleza. Wanawake wa pale walikuwa na kikundi chao cha akiba, kama hiki chetu. Walikuwa wanalima vizuri, lakini mwenye lori ndiye aliyekuwa anapanga bei. Akija, anataja bei yake. Ukikataa anawasha lori anaondoka, naye anajua kwamba kesho utakubali. Walikuwa wameliangalia gari langu muda wote huo na kulizungumza kwenye vikao vyao, mimi sina habari.

Akasema, "Sisi tutoe hela ya kulitengeneza. Wewe utulipe kwa kubeba mizigo yetu mpaka deni liishe. Likiisha, tutakulipa nauli kama watu."

Nikamwambia ukweli. "Mama, mimi sina garantia ya kukupa. Nikilichukua nikatokomea nalo?"

Akanitazama, akasema, "Gari liko uani kwangu. Likipona, kila safari litapita mlangoni kwangu, barabara ni hii moja. Utatokomea wapi?"

Tukacheka sote wawili. Sikuwa nimecheka siku nyingi, mbavu ziliniuma.

Mtu wa vyuma alipofika, nikamwomba radhi na nikamlipa nauli yake ya kurudi. Hakufurahi. Nikampa na mayai.

Jioni nikampigia simu mume wangu Mtwara. Nikamweleza. Akauliza, "Na likikatika tena, atalipa nani?"

Nikasema, "Sisi."

Akasema, "Mwambie fundi asifunge injini kabla sijafika. Nataka niuone mkanda mpya kwa macho yangu."

Akaja. Fundi wa Mocímboa alipata kichwa cha injini kilichotumika kidogo, akabadilisha valvu, mkanda, na pampu ya maji kwa sababu alisema kufungua mara mbili ni hasara. Gari likawaka. Wale wanawake wakapiga vigelegele, kuku wakatawanyika.

Tulibeba maharage na muhogo msimu mzima. Deni likaisha. Kambi ile hatukuirudia; tuliuza sokoni Palma na kwa mama ntilie wanaolisha wajenzi, na wakulima wa Diaca wakaanza kutaja bei wao.

Mwaka wa garantia ulipokwisha, yule kijana wa Pemba akanipigia. "Mama, mnaweza kuongeza mwaka mmoja, nitawapunguzia."

Sikumtukana. Nilimuuliza mambo ambayo nilipaswa kumuuliza siku ile ya kwanza. Gari likifa Diaca, nani atakuja kulichukua? Akasema, mlilete. Vitu gani vimo? Akavitaja, na nikaona kwamba kwa gari la umri ule vingi ni vile visivyoharibika. Fundi wetu wa Mocímboa akigusa injini, mtalipa? Akasema hapana. Nikamshukuru, tukaagana vizuri. Kiasi alichotaka tukakiweka kwenye akiba ya gari, kidogo kila safari, mbali na hela ya chakula. Tangu hapo limeharibika mara kadhaa, kama yanavyoharibika magari yote ya zamani. Tunatengeneza, tunaendelea. Usingizi tunalala, si sana, lakini tunalala.

Sasa mnisikilize vizuri, nisije nikanukuliwa vibaya. Sisemi garantia ni wizi. Yupo ndugu yetu Mocímboa aliyenunua gari la miaka michache tu, anakwenda Pemba kwa shughuli zake kila mara, na giaboksi ilipokufa walimtengenezea bila neno. Kwake ilifaa. Gari lake lilikuwa bado na vitu vya kulindwa, na karakana yao ilikuwa njiani kwake. Kwangu mimi, mwenye gari kongwe na makazi mbali, ilikuwa ni kununua maneno kwa hela ya mkanda.

Nawashukuru wanawake wa Diaca, na huyo mama ambaye hata leo hakubali nimwite mfadhili. Anasema alitaka uani kwake pawe wazi. Namshukuru fundi, aliyekuwa anatuonyesha kila alichokitoa. Namshukuru mume wangu kwa kurudi. Namshukuru Mungu, ambaye simwachii kazi ya kubadilisha mikanda.

Ninachowaachia ni hiki. Gari la zamani litaharibika, hilo halina shaka. Kabla hujamlipa mtu akuondolee hofu, lipa kwanza kile unachokijua kuwa kibovu. Kikibaki kitu, muulize huyo anayekuahidi: siku hiyo ikifika, utakuja kwa miguu yako, au nitakufuata mimi?

Haya. Mwenye swali aulize. Mwenye gari la kuuza, naomba anyamaze kwanza.