Fundi Amuri Asumani na Eko Iliyompigia Kasongo Kidole cha Pili

Tarehe 30 Juni, 1979, Fundi Amuri Asumani wa karakana ya umeme anavua ovaroli yake na kustaafu, baada ya kutumika pamoja nasi hapa gatini Kigoma kwa miaka thelathini na mitatu. Anarudi kwao Kagunga, na ameshatuambia kwamba asindikizwe mpaka botini kwa muziki, si kwa hotuba.

Ukurasa huu wa jarida letu ulikuwa wa Bwana Leodgar, katibu wa tawi letu la wafanyakazi, lakini amesafiri kwenda Tabora, kwa hiyo umeniangukia mimi mpiga taipu. Nina miaka kumi na minane na nakiri kwamba huona haya hata kupiga hodi. Kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema. Mengine nimesimuliwa na wakubwa, mengine nimeyaona mwenyewe tangu nilipoajiriwa.

Fundi Amuri aliingia kazini mwaka 1946 akiwa kijana wa kubeba ngazi za mafundi. Ngazi ikamfikisha juu ya nguzo, na juu ya nguzo akajifunza nyaya. Mwaka wa Uhuru alikuwa tayari ndiye anayeshikwa mkono na kila kamati ya sherehe, kwa sababu yeye peke yake alijua kuzungumza na vipaza sauti vikatii. Siku ya sherehe yenyewe, mchana kweupe, mgeni wa heshima alipoanza kuhutubia, kipaza sauti kilipiga mluzi mrefu mpaka umati mzima ukageuka kutazama relini, ukidhani treni imefika. Mwingine angeona aibu. Fundi anasema ndipo alipopata wazo kwamba kelele nazo zinaweza kufugwa.

Lilipotangazwa Azimio, kila kazi ikataka kuwa na bendi yake, nasi tukapata Gati Jazz. Magitaa yalikuwa matatu na amplifaya moja. Vijana wa bendi walikuwa wakisikia redioni magitaa ya mbali yanayokoroma, yanayolia kama mtoto, yanayojibizana, nao wakayataka. Vikanyagio vya kufanya hivyo viliuzwa Nairobi kwa bei ya ng'ombe. Fundi alikwenda kwenye mkutano wa wafanyakazi akasimama, akasema taifa limeambiwa lijitegemee na gitaa nalo ni sehemu ya taifa. Watu walicheka, mwenyekiti akapitisha.

Cha kwanza kilikuwa fazi, ile inayolifanya gitaa likorome. Aliitengeneza kwa matumbo ya redio mbovu, akaifungia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na juu yake akaandika A.A. kwa rangi nyekundu ya mafuta. Kila alichotengeneza alikiandika A.A. Fundi Amuri ana sifa nyingi, lakini kujificha hakumo. Cha pili kilikuwa wawa, cha kulifanya gitaa lilie kama mtoto, kilichotokana na pedeli ya cherehani ya marehemu shangazi yake, na hadi leo ukikikanyaga kwa nguvu kinatoa harufu ya mafuta ya cherehani.

Vijana wa Gungu na Ujiji wenye magitaa yao walizoea kumfuata karakanani kumuuliza wanunue nini kwa mshahara mdogo. Alikuwa na jibu moja, nalo alilitoa bila kuinua kichwa: anza na fazi, kwa sababu inaficha makosa yako, ukishaacha kukosea, tafuta wawa, na usinunue kitu ambacho huwezi kukifungua kwa bisibisi. Wengine walimwona mbishi. Wengi walirudi na makopo.

Makopo hayo yalikuwa na tabia zake. Kwenye harusi moja pale Mwanga, Feliksi, mpigaji wetu wa ridhimu, alikanyaga fazi katikati ya wimbo wa kuwapongeza maharusi, na gitaa likaanza kusoma taarifa ya habari kwa Kirundi. Kopo lilikuwa limenasa redio ya ng'ambo. Watu waliacha kucheza. Fundi akachukua kipaza sauti akawatangazia kwamba hao ni wakwe wa upande wa Burundi wanatuma salamu, na bibi yake bwana harusi, ambaye anakijua Kirundi vizuri, akasema basi wakwe hao wana maneno mengi kuhusu bei ya kahawa.

Lakini kitu ambacho Fundi Amuri atakumbukwa nacho ni eko, mashine yake ya mwangwi, na eko haiwezi kusimuliwa bila Kasongo.

Kasongo ndiye mpigaji wetu wa solo. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, naye alilelewa Ujiji. Gitaa alilipiga kama walivyolipiga wajomba zake, kwa vidole viwili: dole gumba linauliza, kidole cha shahada kinajibu, mbio mbio, mpaka unadhani wapo wapigaji wawili. Mwaka 1974, akiwa likizo, alikwenda Kibirizi kumsaidia mjomba wake kuvuta boti ya dagaa. Wimbi likainua boti, na mkono wake wa kulia ukawa kati ya boti na gogo. Dole gumba lilipona. Kidole cha shahada hakikupona.

Alirudi kazini, ila kwenye bendi hakurudi. Alikuwa akija mazoezini na kukaa karibu na mlango, mikono mfukoni. Watu walimwonea huruma, na nadhani huruma ile ndiyo iliyomchosha zaidi. Siku moja alimwambia Fundi kwamba gitaa lake alichukue alivunjevunje atoe waya. Fundi alilichukua kweli, lakini hakulivunja.

Misheni moja ilikuwa imetupatia tepu rekoda ya bobini, yale magurudumu ya utepe, kubwa kama sanduku la nguo. Fundi akaikata utepe wake, akaunganisha ncha mbili uwe duara linalozunguka bila mwisho. Kichwa kimoja kilinasa sauti ya gitaa, kichwa cha pili kikaisoma kidogo baadaye na kuirudisha kwenye spika. Chini akaweka swichi ya kukanyaga. Shuleni tulifundishwa "echo" kwa Kiingereza, nikaikariri nikapata alama zote, na sikujua ni kitu gani mpaka nilipomsikia Kasongo akipiga kwa dole gumba moja na mashine ikimjibu mahali pale pale ambapo kidole chake kingejibu. Wanaokumbuka siku ya kwanza wanasema Kasongo alipiga kipande kimoja akaacha, akakitazama kidole chake kana kwamba kimempigia bila ruhusa.

Tatizo ni kwamba eko ilikula umeme, na umeme wetu mnaujua. Nguvu ikishuka, bobini zinazunguka polepole na jibu linachelewa. Bendi haikuwa na la kufanya ila kuifuata mashine. Agnesi, mwimbaji wetu, aliishiwa pumzi katikati ya mstari akisubiri umeme wa mji umalize kufikiri. Umeme ukirudi kwa nguvu, wachezaji walikimbizwa kama kuku. Wageni kutoka mikoani walidhani ndio mtindo wetu, na nasikia kuna bendi moja ya Tabora ilijaribu kuuiga.

Mwaka 1976 gari la kurekodia la redio lilifika kwa treni kurekodi bendi za mkoa, na mchana mmoja ulikuwa wetu, katika ukumbi wa wafanyakazi. Kwa Kasongo ulikuwa zaidi ya wimbo. Kulikuwa na maneno kwamba solo apewe kijana mwenye vidole vyote, na viongozi wa bendi walikuwa wamekubaliana kwamba rekodi ya redio ndiyo itakayoamua. Wakajaribu mara ya kwanza, eko ikachelewa. Mara ya pili, ikachelewa zaidi.

Kasongo alisimamisha gitaa. "Fundi, iko nachelewa. Mi niko nauliza, yeye iko nalala."

Fundi alisikiliza ukumbi, si mashine. Kila eko ilipolegea, nyuma ya kaunta friji ilikuwa ikinguruma, ikivuta umeme ule ule. Friji hiyo ilikuwa ya Mama Veneranda, msimamizi wa baa, na siku hiyo ilikuwa imejaa bia alizozisubiri wiki nyingi, zikipozwa kwa ajili ya hao hao wageni wa redio. Fundi Amuri ni Mwislamu asiyeonja pombe, na kwa miaka yote walikuwa wakitaniana kwamba yeye ndiye mteja mbaya kuliko wote Kigoma. Alivua tai akaenda kaunta.

"Veneranda, dada yangu, naomba uizime."

"Nizime nini?"

"Friji. Nusu saa tu."

"Amuri, joto hili? Bia ikichemka utaninywea wewe?"

Alimwambia kwamba yule mtoto akishindwa leo hatashika gitaa tena. Mama Veneranda alimtazama Kasongo, ambaye alikuwa ameanza kuchomoa waya wa gitaa lake.

"Zima," alisema. "Lakini wageni wakiuliza, ukawaambie ni wewe."

Friji ikazimwa, bobini zikatulia, Kasongo akauliza na mashine ikamjibu kwa wakati. Wimbo ule mmeusikia wote. Bia ilinywewa ya moto, na Fundi Amuri, ambaye hajawahi kuacha sifa ipite bila jina lake, alipita meza kwa meza akiwatangazia wageni kwamba joto la bia hizo ni kazi ya mikono yake. Wimbo uliporushwa hewani, mama yake Kasongo, Mama Rahabu, alikuwa akichambua mchele uani Ujiji. Majirani wanasema aliacha ungo akawaita: "Njooni msikie, kidole cha mwanangu kimerudi."

Tangu hapo solo ni ya Kasongo.

Ndiyo maana tangu Januari, Fundi alipotutangazia kwamba anaondoka, furaha ya kumwandalia sherehe imekuwa na kitu kinachokwaruza. Duara la utepe huchakaa, yeye ndiye anayejua kuliunganisha kwa wembe na gundi, na siku hizi utepe haupatikani madukani hata kwa kujuana. Kila mtu kazini alijua kwamba siku duara la mwisho litakapokatika, Kasongo atabaki na dole gumba. Hakuna aliyelisema mbele yake. Mimi pia sikulisema, ingawa mimi sisemi kitu mbele ya mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita, kwenye dansi la mchana la kumuaga, lilikatika. Ilikuwa katika wimbo wa pili. Nilikuwa nimesimama karibu na spika, kwa maana sichezi, na nikasikia utepe ukipiga pap pap ndani ya sanduku, kisha swali la Kasongo likaning'inia bila jibu. Agnesi alishusha kipaza sauti. Fundi alikuwa ameshainuka na wembe mkononi, lakini hakuwa na utepe wa kuunganisha. Alisimama hivyo hivyo.

Kasongo alimtikisia kichwa kwamba akae. Akaendelea kupiga kwa dole gumba, polepole, akiacha nafasi tupu pale ambapo mashine ilizoea kuingia. Alizunguka mara moja peke yake. Alipozunguka mara ya pili, katika nafasi ile ikaingia noti, laini, kutoka upande mwingine wa jukwaa. Feliksi alikuwa ameacha ridhimu. Kwa miaka mitano amekuwa akisimama kando ya eko ile, na vidole vyake vilijua inapoangukia. Dole gumba likauliza, Feliksi akajibu. Agnesi akaingia, na watu wakarudi uwanjani mmoja mmoja, kisha wote.

Fundi alisikiliza wimbo mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande. Halafu akatoa hukumu yake.

"Feliksi anawahi kidogo."

"Atazoea," Kasongo alimjibu. "Na huyu hata umeme ukikatika, Fundi, yeye iko najibu."

Fundi alicheka, akatoa kitambaa akajifuta uso, na akajifuta kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Fazi na wawa ameiachia bendi, na bisibisi mbili. Uongozi ulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba eko. Aliambiwa kwamba Kagunga hakuna umeme na utepe wenyewe umekatika, sasa ataifanyia nini. Akasema ataiweka mezani sebuleni, upande wenye A.A. ukitazama mlango. "Wageni watauliza ni nini. Mimi nitaeleza."

Fundi Amuri, kwa niaba ya karakana, ofisi, Gati Jazz, na Mama Veneranda ambaye ameniagiza niandike kwamba amekusamehe bia zile, asante kwa miaka yako yote. Ziwa likuvushe salama, afya isikupungukie, na tunakutakia wageni wengi.