Zege la Majivu

Mwaka ule saruji ilikuwa imerudi madukani Same, ila kwa bei ya kumkomoa mtu. Fundi Fanueli alikaa kijiweni kwa Chande muuza kahawa, karibu na stendi, kikombe kikimpoa mkononi, maana jana alikuwa ameuona ufa. Ufa wenyewe ulikuwa kwenye zege la paa la chumba cha kujifungulia, huko mlimani, zege ambalo kinamama walilibebea mchanga vichwani mwezi mzima. Mifuko ya saruji haikutosha. Fanueli akachekecha majivu ya pumba za mpunga, akachanganya robo kwenye saruji, na zege likatiririka lenyewe mpaka kwenye pembe bila kushindiliwa. Siku ile alijiona bingwa, masikini.

— Majivu ni ya kusugulia masufuria, alisema Erasmo, aliyeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kumbebea mkandarasi ngazi.

— Majivu hayana kosa, alijibu Muhidin Kibali, karani wa zamani wa duka la ushirika. Saruji ya siku hizi imechoka. Ile ya kugawiwa kwa kibali cha serikali ulikuwa ukiitazama tu inaganda.

— Basi ni malori, alidakia Injinia. Tangu biashara iwe huria yanapita usiku na mchana. Mlima unatikisika, unasogea.

— Unasogea kwenda wapi? aliuliza Kibali.

— Tanga. Taratibu lakini.

Fanueli hakucheka. Moyo ulikuwa umemvunjika.

— Nimemuuliza mtaalamu wa barabara, alisema. Zege lenye majivu hukomaa polepole. Lingeegemezwa kwa mbao miezi miwili, lingelishinda hata la saruji tupu. Mimi nilihesabu siku kumi, kama nilivyozoea, nikafungua mbao.

— Si ungengoja, fundi, alisema Chande.

— Mbao zilikuwa za msikiti. Huyu Kibali alizifuata.

Kibali aliangalia chini.

— Na sisi tulikuwa tunajenga, alisema.

— Ungeniambia mapema...

— Ulisema mwenyewe limeshika.

Hapo ndipo Justa, mkunga wa kule mlimani, alipokuja na boksi la dawa alizoshuka kuchukua.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Fundi, nimeacha wajawazito wawili chini ya turubai, mmoja uchungu umeanza. Na mvua hiyo inakuja. Niwalaze ndani?

Injinia aligeukia barabarani. Chande aliinua birika, akaliweka. Fanueli alitaka kusema ndiyo, akaogopa; alitaka kusema hapana, akalitazama wingu lililotanda mlimani. Gari la kupanda mlimani lilipiga honi. Justa akabeba boksi lake akalifuata gari.