Mama Mizani Anastaafu, Bango Bado Liko Kliniki

Baada ya miaka thelathini na moja katika kitengo chetu cha takwimu za uzazi, mtakwimu mkuu, tunayemwita Mama Mizani, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya sherehe imeniomba niandike neno la kumuaga kwenye programu, kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa hasira zimenifika kooni.

Jina hilo alilipata kwa kuzunguka wodi za wazazi na pakiti ya sukari ya kilo moja mkobani, akiipima kwenye kila mizani. Aliona rekodi zimejaa watoto wa kilo tatu kamili, akasema watoto hawazaliwi kwa oda. Mwanzoni wakunga walimwona msumbufu. Baadaye wakawa wanamwita wenyewe mizani ikianza kudanganya. Sukari ile haikuwahi kutiwa kwenye chai, hata siku ofisi ilipoishiwa.

Kazi alitufundisha kwa swali moja: unamlinganisha nani na nani? Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa ya wiki thelathini na nne hawezi kumfikia uzito wa wiki arobaini, kwa hiyo hesabu wiki kabla hujalaumu kitu. Na mama anayemeza dawa ya presha ana presha. Ukimweka kando ya mama mwenye afya zake, ugonjwa ndio unaopunguza uzito wa mtoto, lakini lawama itabebeshwa dawa.

Mwaka jana mkurugenzi wetu alifanya kosa hilohilo, maana alikuwa na haraka ya mkutano. Mama Mizani alimwonyesha kwamba ukilinganisha wenye presha wanaomeza dawa na wenye presha wasiomeza, presha ya ukali uleule na wiki zilezile, tofauti ya uzito inapotea. Akajibiwa kwamba wananchi hawataki hesabu ndefu. Likatoka bango, likabandikwa kila kliniki: vidonge vya presha vinapunguza uzito wa mtoto.

Mdogo wangu alilisoma akiwa na mimba ya miezi saba, akaacha vidonge. Presha ikapanda, kifafa cha mimba kikampiga akiwa jikoni kwake. Yeye alipona. Mtoto alifariki. Mama Mizani alikaa naye wodini akimweleza hesabu yote polepole, kwa sababu mdogo wangu alikuwa akijilaumu kwa vile vidonge alivyomeza mwanzoni.

Tangu hapo ameandika sahihisho la bango, amelipeleka ghorofa ya juu kwa wakubwa, ameambiwa asubiri. Amesubiri mpaka siku ya kuondoka imemkuta. Huko ni kupuuzwa, tena na watu watakaokaa meza kuu Ijumaa wakimpigia makofi. Wakilikata hili kwenye programu, nitalisema kwa mdomo wangu.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema bango litolewe. Kamati imenunua saa ya ukutani.

Asante, Mama Mizani, kwa yote uliyotufundisha. Tunakutakia maisha mema na afya tele. Tungekutakia na mapumziko, ila tunajua Jumatatu utakuwa kwenye benchi la kliniki, chini ya bango letu, ukiwaambia wajawazito waendelee kumeza dawa zao.