Ipo au Yupo: Maisha ya Fundi wa Mashuka ya Hospitali

Mchungaji, ndugu na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, na mtanivumilia, maana kuna sehemu ambayo sisi wenyewe hatujaielewa.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akasoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza ushonaji, na Februari 1979 akaajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali, ambako kwa miaka thelathini na minne alitia viraka mashuka huku akiimba, hata wauguzi wakamwita Redio.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji, wa hospitali hiyo hiyo, mtu wa maneno machache ambaye kelele za kazi zilimharibia sikio la kushoto, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa binti tuliyempa jina la utani Furaha, kwa kuwa alicheka hata akichomwa sindano.

Furaha alifariki kwa nimonia tarehe 9 Juni 1987, akiwa na miaka minne, na Jumapili iliyofuata dada alisimama na kwaya akaimba, machozi yakimlowesha kola, watu wakanong'ona kwamba amechanganyikiwa, naye shemeji, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, akaona ametupwa mkono na mkewe, na tangu siku hiyo akawa anamsindikiza mkewe hadi mlango wa kanisa tu, anabaki nje, haimbi.

Moyo ulianza kumsumbua dada Agosti 2021, akalazwa mara nne, kila mara akikagua mishono ya mashuka na kuilalamikia, na jioni ya tarehe 6 Mei 2024 shemeji alijipa moyo akamuuliza swali alilolimeza miaka yote hiyo: "Mama watoto, Jumapili ile furaha uliitoa wapi?" Dada alijibu neno moja, akatabasamu, akasinzia, na kesho yake saa nne asubuhi akafariki.

Shemeji, aliyekaa sikio lake bovu likimwelekea dada, alisikia "yupo", akadhani ni mtoto wao Furaha, muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu anasema alisikia "ipo", yaani furaha yenyewe, binti yao mdogo, aliyekuwapo pia, anashikilia kwamba ni "yupo", lakini ni Bwana, na juzi tumebishana sebuleni mpaka chai ikapoa, kwa sababu kwa neno hilo shemeji anataka kujua kama mkewe alilia pamoja naye, au alimwacha aomboleze peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupikia na kulaza wageni wetu, pamoja na wenzake wa chumba cha kushonea.

Shemeji hajapata jibu, na ameniomba niseme hivyo bila kupamba, ila alfajiri ya leo alijikuta jikoni akiimba wimbo wa Jumapili ile, analia na anaimba, akashangaa kwamba kimoja hakikukizuia kingine, kwa hiyo jeneza litakaposhushwa ataanzisha yeye, na kwa kuwa sauti hana, tumpokee hapo hapo atakapokwama.

Pumzika kwa amani, dada.