Bibi Verna Stiltner na Hati ya Nusu Ekari

Jambo la kwanza ambalo mtoto yeyote wa ukoo wetu aliliona kwa Bibi Verna lilikuwa mikono yake. Kuanzia viganja hadi viwiko ilikuwa na vumbi jekundu, kana kwamba alikuwa ametoka kufinyanga udongo. Halikuwa udongo. Lilikuwa vumbi la ngozi kuukuu, linalobanduka kwenye majalada ya vitabu vya hati katika jengo la mahakama ya kaunti. Vitabu hivyo vina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, naye alivibeba hivyo hivyo, ubavuni, mkono mmoja ukishika chini. Alipokuja kutukumbatia, mama zetu walipiga kelele, "Nguo za kanisani hizo, Mama!" Naye akatukumbatia tu.

Bibi Verna Opal Stiltner alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika bonde la Laurel Branch, kaunti ya Pruett, Tennessee. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Asa Gentry na marehemu Lottie Gentry. Baba yake alilima tumbaku katika shamba la kukodi, na familia ilihama mara tano kabla Verna hajafika miaka kumi na miwili. Yeye mwenyewe alisema kwamba ndiyo maana alipenda kujua ardhi ni ya nani.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Laurel Branch hadi darasa la nane, kisha katika shule ya sekondari ya kaunti, alikohitimu Mei 1959 akiwa wa tatu kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Alipewa cheti cha kupiga chapa na zawadi ya kamusi, ambayo ingali mezani kwake.

Mwaka 1961 aliajiriwa na wakili Thurman Kegley kutafuta hati za ardhi, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini na mitano, hadi alipostaafu mwaka 2006. Kila aliyetaka kununua shamba au nyumba katika kaunti hii alihitaji mtu wa kuhakikisha kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Bibi Verna aliingia katika chumba cha kumbukumbu, akafungua fahirisi ya majina ya wauzaji na ile ya wanunuzi, akatembea kinyumenyume kutoka mwenye ardhi wa leo hadi wa jana, hadi wa juzi, mpaka aridhike. Wenzake wengi walikomea miaka arobaini. Yeye hakukoma mpaka amkute mtu wa kwanza.

Watu walimletea pia maswali yasiyokuwa yake. Karani wa siku hizo anakumbuka mwanamke mmoja aliyeingia na kuinama juu ya meza ya Bibi Verna.

"Bi. Verna, nataka faili la kufilisika kwa shemeji yangu."

"Hapa hulipati, mwanangu. Kaunti inajua ardhi na ndoa. Mambo ya kufilisika yanakaa Knoxville, kwenye korti ya shirikisho."

"Lakini amefilisika hapa hapa! Kila mtu ameona!"

"Kufilisika amefilisikia hapa, karatasi ziko kule. Shemeji yako anajua umekuja?"

Mwanamke akachukua mkoba wake. "Sikuja," akasema, akatoka.

Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Hobart Stiltner, fundi wa mashine ya kupasua mbao, katika kanisa la Wabaptisti la Laurel Branch. Walijaliwa watoto wawili, Wanda na Roy Dale. Hobart alikuwa mtu mkimya. Kila jioni alimsubiri mkewe nje ya mahakama ndani ya lori lake, na inasemekana hakuwahi kumwuliza kwa nini amechelewa. Alifariki tarehe 2 Februari 2011, akazikwa katika makaburi ya Pigeon Knob, juu ya kilima hiki tuliposimama leo. Bibi Verna alichagua nafasi upande wake wa kushoto, akasema hapo ndipo atakapolala.

Mwezi wa Novemba 2023 daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka na hautapona. Alilipokea hilo kwa utulivu. Jambo lililomtoa machozi lilikuja Aprili 2024. Shamba linalozunguka kilima hiki lilinunuliwa na kampuni ya kujenga nyumba za likizo, na geti la chini likafungwa kwa mnyororo. Barua ya wakili wa kampuni ilieleza kwamba shamba lote liliuzwa na mfilisi aliyewekwa na korti mwaka 1987, baada ya mwenyewe, marehemu Burl Tackett, kufilisika, na kwamba hati ya mauzo hayo haikutaja makaburi. Waliokwisha kuzikwa wangeachwa walipo. Maziko mapya hayangeruhusiwa.

Sote tulijua, au tulidhani tunajua, kwamba Burl Tackett ndiye aliyewapa watu wa bonde hili nusu ekari ya makaburi. Kila Mei, siku ya kupamba makaburi, akina mama walimpelekea pai za shukrani. Basi jamaa na majirani walikwenda mahakamani kutafuta hati iliyotolewa na Burl. Walitafuta mara tatu, hawakupata kitu. Mtafutaji wa kampuni naye alirudi nyuma hadi mauzo ya mfilisi, akafunga kitabu, kwa kuwa wengi huamini kwamba mauzo ya namna hiyo hufuta yote yaliyotangulia.

Bibi Verna, akiwa na miaka themanini na mitatu na mrija wa oksijeni puani, aliomba kalamu.

"Tumwulize Burl mwenyewe," alisema.

"Mama, Burl amekufa tangu tisini na nane," Wanda alimjibu.

"Najua, nilipika mazishini kwake. Lakini mtu akifilisika anaapa, anaandika kila kitu alicho nacho na kila asicho nacho. Burl alikuwa akitia chumvi hata kanisani, Wanda. Kwenye fomu ile alijua kuna jela."

Aliandikia korti ya Knoxville apate namba ya kesi. Faili lenyewe lilikuwa limehamishiwa katika hifadhi ya nyaraka za serikali huko Georgia, akaandika tena. Alisubiri wiki tisa. Muuguzi aliyekuja nyumbani alimsihi asijichoshe, naye akamwambia kwamba kinachomchosha ni kutojua atalala wapi.

Bahasha ilifika tarehe 20 Agosti, ikiwa na kurasa sitini na tatu. Kwenye ukurasa wa kumi na nne, Burl Tackett alikuwa ameorodhesha shamba lake la ekari mia moja na kumi na mbili, kisha akaongeza: "Ukiondoa nusu ekari ya makaburi ya Pigeon Knob, ambayo si yangu wala haijawahi kuwa yangu. Mama mkwe wangu, Permelia Roark, aliwapa watu kabla sijamwoa binti yake."

Bibi Verna alicheka hadi Wanda akakimbilia kuangalia oksijeni.

"Mzee mwongo yule! Rudisha pai zangu!"

Asubuhi iliyofuata Wanda alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha kumbukumbu. Safari hii hawakutafuta Tackett. Walifungua fahirisi ya wauzaji kwenye jina la Roark, na katika dakika ishirini hati ikapatikana: Kitabu cha 31, ukurasa wa 208, tarehe 11 Mei 1946. Permelia Roark aliitoa nusu ekari kwa wadhamini wa makaburi, "wao na watakaowafuata, milele." Bibi Verna aliisoma mara mbili, akaweka kiganja juu ya ukurasa, akasema, "Haya. Sasa nina njaa."

Wiki ile Doyle Tackett, mwana wa Burl, alikuja kumwona, kofia mkononi.

"Bi. Verna, nasikia baba yangu alikula pai za watu miaka arobaini kwa zawadi ya bibi yangu."

"Zangu za tufaha pekee alikula tatu kila Mei."

"Nifanyeje sasa? Nipike?"

"Usithubutu! Nimekula upishi wako. Kata nyasi kule juu, tutakuwa tumemalizana."

Nyasi mnazozikanyaga leo amezikata Doyle.

Tarehe 3 Oktoba 2024 jaji wa kaunti aliamua kwamba nusu ekari hii haikuwa mali ya Burl, kwa hiyo mfilisi hakuweza kuiuza, na kwamba njia ya kupandia lazima iachwe wazi. Kampuni ilitii, na mnyororo ukaondolewa siku hiyo hiyo. Jumapili ya tarehe 6 Roy Dale alimpandisha mama yake kwa lori. Alikaa kando ya kaburi la Hobart muda wa saa nzima. Aliposhuka alikula sahani mbili za maharage na mkate wa mahindi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu majira ya kuchipua, na usiku akalala bila dawa.

Bibi Verna alifariki nyumbani kwake siku ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, Wanda akiwa amemshika mkono. Hakuwa na maumivu wala wasiwasi. Tunamlilia, lakini hatuna budi kukiri kwamba tunalia tukiwa na nafuu kubwa moyoni.

Ameacha binti yake Wanda Mullins na mumewe Garland. Mwanawe Roy Dale na mkewe Teresa. Dada yake Ina Mae. Wajukuu watano, nikiwemo mimi Leanna ninayesoma haya. Na vitukuu watatu. Alale salama kando ya Hobart, mahali ambapo hakuna atakayemwamsha kwa barua ya wakili.

Limebaki jambo moja. Mpima ardhi, Bw. Estil Combs, amekwisha kupigilia vigingi vinne vya chuma kwenye pembe za nusu ekari na kuchora ramani yake. Ina makaburi arobaini na saba, lakini hajaitia sahihi. Alisema halijakamilika moja. Amesimama pale karibu na uzio na kamba yake ya kupimia, akingoja tumalize kufukia. Alhamisi hii, saa mbili asubuhi, ataipeleka ramani kwa msajili wa hati, ipewe kitabu na ukurasa. Karani ametuahidi kufungua mlango nusu saa mapema, kwa sababu amesikia tunakuja wote.