Nyaya Mbili za Chumba cha Damu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa Mitambo. Wakubwa mlioketi na wadogo mliosimama: shikamooni.

KARIBU

Sisi wafagizi, wabebaji na walinzi wa chumba cha baridi cha hospitali hii tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumesikia umekuja kubonyeza kitufe cha kuwasha mfumo endeshi mpya wa kompyuta zetu. Tunakuomba, kabla kidole hakijashuka, utege sikio kidogo. Kidole cha mkubwa ni kizito.

TULIKOTOKA

Chumba hiki hutunza damu ya wagonjwa. Damu ikipata joto imeharibika, haijui "ngoja kidogo". Ndiyo maana kila friji ina kipimajoto, na namba zake huonekana kwenye kioo cha ukutani.

Mara ya mwisho mlipobadilisha mfumo, mlituambia ni maboresho. Maboresho hayo yalikuja bila kiendeshi, yaani maelekezo yanayoifundisha kompyuta kuongea na vipimajoto. Basi vipimajoto vikawa mabubu. Kompyuta nayo, badala ya kusema haisikii, ikaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoisikia: nne, nne, nne. Tuliipita ile nne tukaiamini. Nani abishane na ukuta wa hospitali? Kumbe friji ilikuwa imekufa.

Ndipo mke wa mwenzetu mmoja, mwanamume mbeba makasha, alipojifungua na damu ikamtoka nyingi. Mbeba makasha mwenyewe ndiye aliyetumwa kufuata damu ya kumwongezea. Alipoushika mfuko, ulikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Hakuhitaji kuambiwa na namba.

Amebaki mgane. Mtoto tunamlea naye. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Hata leo linashughulikiwa.

TULICHOKISHUHUDIA

Baadaye akaja fundi, mwanamke mpole, akaketi na kompyuta ile mpaka akakiandika kiendeshi kilichokosekana. Mbeba makasha akamwendea, uso umekunjamana.

"Hizo nyaya zenyewe za vipimajoto ziko wapi?"

"Hizi hapa, baba. Mbili tu, ukiacha za umeme."

"Mbili? Kwa friji zote hizi? Usinifanye mtoto."

"Mmoja unapiga mdundo ili vyote viende pamoja, mwingine unabeba maneno. Kila kipimajoto kina namba yake ya kuitiwa. Kikiitwa kinaitika, kisipoitwa kinafunga mdomo."

"Basi kina adabu kuliko kikao cha wakubwa."

Fundi akacheka. "Na kikiitwa kisiitike, siku hizi ukuta unasema ukweli. Unaandika SISIKII. Haya, fumbata hicho kipimajoto."

Akakifumbata. Kidude kidogo, punje ya mahindi ni kubwa. Kule ukutani namba ikaanza kupanda: nne, saba, kumi na moja. Akafumbua kiganja, ikashuka. Akafumbata tena. Sisi tuliokuwa na mafagio tukayaacha yaanguke. Joto la mkono wa mtu, likipita kwenye uzi mwembamba kama wa kushonea, likaandikwa juu kila mtu alione!

Mwenzetu hakulia makaburini. Pale alilia.

"Kumbe," akasema, "kuna mahali ambapo mtu wa chini akiguswa, juu wanajua."

KINACHOTUKABA

Mgeni rasmi, fundi aliuliza kama kiendeshi chake kimo ndani ya mfumo wa leo. Akajibiwa kitaongezwa baadaye. Sisi hiyo baadaye tunaijua. Ina kaburi.

OMBI

Viatu vyetu vimetoboka, lakini leo hatuombi viatu. Tunaomba mkono wako.

Fundi ameuweka mfumo wako mpya kwenye kompyuta moja ya kujaribia. Mbeba makasha amesimama mlangoni, atakupeleka. Kifumbate kipimajoto, kisha tutazame ukuta sote, wewe na sisi. Namba ikipanda, rudi ubonyeze kitufe, nasi tutapiga makofi mpaka viganja vituume. Isipopanda, tafadhali, baba yetu, usikiachie kipimajoto haraka. Kishike kwanza. Uone jinsi inavyokuwa mtu kuwa na joto mkononi na ukuta usiseme kitu.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, awalinde na wako nyumbani, asiwape kamwe haja ya damu yetu. Na wakiihitaji, waikute baridi.

Ni sisi,
Watumishi wa Chumba cha Baridi.