Kundi la Nne Halisemi

Mvua ya Suva ilikuwa haijakata tangu asubuhi, na wa benchi la nje ya kantini ya chuo walikuwa wamelizunguka beseni la yangona, kinywaji cha mizizi kinachopokezanwa kwa zamu. Mwalimu Akanisi alipiga kofi moja kama ilivyo desturi, akapokea kifuu, akanywa bila hamu. Somo alilolibuni, la wanafunzi wa Suva na wa chuo kimoja cha Lautoka kufanya kazi pamoja mtandaoni, lilikuwa linakata roho. Makundi yalikuwa kimya, na asiyezungumza hana alama. Wakuu walishasema: kesho wakiendelea kunyamaza, somo linafutwa na wote wamefeli. Kubadili makundi, muda umepita. Moyo ulimuuma kweli.

— Ni mtandao, dada, alisema Semesa, fundi wa kompyuta waliyembatiza Waya. Mvua hii hata simu yangu imekuwa jiwe.

— Mtandao gani wewe! Jana si umetazama raga mpaka mwisho? alidakia Torika wa kantini, maarufu kama Redio. Hao wa Lautoka, mji wa sukari, wanaringa tu. Wametafuna miwa mpaka midomo imegandana.

— Basi kamera. Kamera inanyonya sauti, nakwambia! Mjomba wangu alipigwa picha ya pasipoti, akawa bubu wiki nzima.

— Mjomba wako alikuwa amelewa, Waya.

Walicheka. Akanisi hakucheka.

— Na niliwapanga vizuri, jamani. Kila mmoja na ndugu zake wa kisiwani, ili wasioneane haya.

Redio aliweka kifuu chini.

— Ndugu, dada? Wa kike na wa kiume pamoja?

— Nilidhani kwenye skrini si kama nyumbani.

Msichana mmoja alikuja amelowa, akachutama kwa adabu karibu na benchi. Alikuwa Merewai, wa kundi la nne.

— Samahani, mwalimu. Mesake wa Lautoka ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Kwa mila ni kaka yangu, na kaka na dada hatusemeshani; tangu tumekuwa wakubwa sijampa hata salamu. Nisipoongea naye kesho nimefeli. Sasa nianze na neno gani?

Waya aliinamia beseni. Redio, wa kusema yote, alitazama mvua.

Akanisi alikuwa na kaka yake mwenyewe. Mama yao alipofariki, walipeana pole kupitia kwa shangazi. Alifungua mdomo, akatafuta neno la kumpa binti wa watu, hata moja, akalikosa.